Uzoefu wangu: shokapu za Koni kwenye Impreza ya foleni na ya Busiika

Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2003, rimu za inchi 17. Siku tano za wiki linanitoa Bombo kwenda Kampala: matuta ya Matugga, Kawanda, halafu foleni ya Kawempe na Bwaise. Jumapili chache kwa mwaka nalipeleka Busiika, kwenye uwanja wa mbio za magari, kulitimua vumbi. Nilitaka shokapu moja ya kazi zote mbili, na hela yangu ni ya mshahara.

Nilianza vibaya. Nilifunga koilova (shokapu na springi zilizoungana, za kupandisha na kushusha gari) za bei poa, nikateremsha gari sentimita nne kwa sababu lilipendeza likiwa limelala. Kwenye lami safi ya Northern Bypass usiku, raha. Kwenye matuta, kishindo. Shokapu ikiisha nafasi ya kubonyea, unakalia raba ya mwisho, ile inayozuia chuma kisigonge chuma, na kuanzia hapo ni bodi na uti wa mgongo wako vinavyofanya kazi ya springi. Busiika ndiko nilikoaibika: tairi za nyuma zilikuwa zinarukaruka juu ya mabonde badala ya kukanyaga, na jamaa mwenye gari la kawaida kabisa akanipita kwenye kona. Nilikuwa nimenunua ugumu nikidhani ni mshiko. Mwezi wa tano tangu nizifunge, shokapu ya mbele kulia ikaanza kuchuruzika mafuta.

Safari ya pili nilisema urefu wa kiwandani haugusiki, springi za Subaru zenyewe zinarudi. Shokapu za KYB Excel-G zinapatikana Kampala na ni nzuri kwa anayetaka gari liwe kama lilivyotoka, ila mimi nilitaka zaidi ya hapo. Bilstein nilizipenda, tyubu moja na gesi ya nguvu, lakini modeli zake za B6 na B8 hazina pa kurekebisha; unaishi na alichoamua mhandisi Ujerumani. Öhlins Road & Track kutoka Sweden, ukijumlisha usafiri na ushuru, zilikuwa zinakaribia bei ya boda mbili mpya. Nikafunga kurasa nikalala.

Nikachukua Koni za njano. Hizi zina kirekebishi cha kurudi tu: unaamua springi ifunguke kwa kasi gani baada ya kubonyea. Kubonyea kwenyewe kumepangwa kiwandani. Wengine wanaona ni upungufu. Kwa barabara zetu naona ni neema, maana huwezi kujikosesha ulaini kwenye shimo.

Tatizo ni kwamba kwa gari hili zinakuja kama utumbo bila ganda, yaani sehemu ya ndani tu. Lazima ukate shokapu zako za zamani uzitumie kama ganda. Fundi wangu wa Ndeeba alishika grinda, akaniangalia: "Bosi, nikikata hii hairudi." Nikamwambia kata. Mafuta meusi yakamwagika kwenye beseni, akachomoa pistoni na tyubu ya ndani, akatoboa kitako, akapiga brashi mpaka ndani pakang'aa, kisha akatumbukiza Koni na kuikaza kwa bolti kutoka chini. Nne zilimaliza siku nzima. Usimpe kazi hii mtu anayekadiria kwa jicho: shimo la kitako likienda upande, Koni inakaa upande.

Busiika mara ya kwanza nilikaza karibu mwisho, tabia ya zamani. Kwenye mabonde yaliyofuatana gari lilikuwa linazama kidogo kidogo, kwa sababu springi haikupata muda wa kufunguka kabla ya bonde jingine kufika. Kufika la nne nilikuwa nakalia raba tena! Nikalegeza mpaka robo mzunguko tu kutoka laini kabisa, na tairi zikaanza kufuata ardhi. Kwa lami naongeza mbele mpaka mzunguko mmoja. Usukani unaitika mapema na pua haiyumbi nikibadili upande.

Mama hukaa nyuma tukienda kwa daktari. Sikumwambia kitu. Tulipopita Matugga akauliza kama matuta yameondolewa.

Malalamiko ninayo. Vijishimo vidogo vyenye ncha bado unavisikia mikononi. Mbele unafungua boneti na kuzungusha, dakika mbili, lakini nyuma kirekebishi kimejificha nyuma ya kiti, kwa hiyo kila safari ya Busiika nang'oa kiti cha mama alfajiri. Na bajeti yangu ilisahau raba za juu za shokapu. Nilirudisha za zamani, zikaanza kugonga baada ya wiki mbili, nikalipa ufundi na alaimenti ya tairi mara ya pili. Zinunue siku hiyohiyo.

Sasa Koni zina mwaka na miezi minne, hakuna hata moja iliyovuja. Bushi za mikono ya chini ndizo zinazolia, na hizo ni za umri wa gari.