Ufadhili wa HPSP wa jeshi la Marekani: ada inalipwa yote, ubingwa unasubiri

Kwa kijana wetu aliyeko Marekani anayetaka udaktari bila kubeba mkopo, HPSP (Health Professions Scholarship Program), ufadhili wa masomo ya afya unaolipwa kwa kutumikia jeshi, ni mpango mnono kweli. Ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1972 na hutolewa na jeshi la nchi kavu, la majini na la anga. (Marines, kikosi kingine cha jeshi la Marekani, hawana madaktari wao, hutibiwa na wa jeshi la majini.) Ada hulipwa yote, pamoja na vitabu na vifaa ambavyo chuo kinavitaka. Juu yake kuna posho ya zaidi ya dola 2,500 kwa mwezi, kwa miezi 10 na nusu ya mwaka. Siku 45 zinazobaki unahesabiwa uko kazini, kwa mshahara wa luteni usu. Bonasi ya kuanzia, dola 20,000, hukatwa kodi, hivyo usiipigie hesabu kamili. Mwenye familia ajue pia kwamba bima ya jeshi inafanya kazi siku zile 45 tu.

Deni lake ni utumishi jeshini, na hulipwa mwaka kwa mwaka: ukifadhiliwa miaka minne, unatumikia minne. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu, kwa sababu miaka ya kusomea ubingwa hospitali ya jeshi haipunguzi deni. Bingwa wa magonjwa ya ndani husoma udaktari miaka 4, ubingwa 3, kisha anatumikia 4. Jumla ni 11 tangu siku ya kwanza darasani. Daktari wa upasuaji, ambaye ubingwa wake ni miaka 5, anafika 13.

Uzito wenyewe hata hivyo uko kwenye uchaguzi wa fani. Jeshi hupanga nafasi za ubingwa kwa mahitaji yake, na majibu hutoka Desemba, kabla ya yale ya kiraia ya Machi. Ukikosa, unafanya mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo, kisha unapelekwa kikosini, melini au kwa marubani ukiwa daktari wa kawaida, mara nyingi miaka miwili au zaidi. Jeshi la majini linajulikana sana kwa hili. Wapo wanaomaliza mkataba wote hivyo na kuanza ubingwa uraiani baadaye. Aliyeweka moyo kwenye fani moja yenye ushindani, ningemshauri achukue mkopo.

Kuomba: lazima uwe raia, grini kadi haitoshi, na uwe umekubaliwa na chuo cha udaktari cha Marekani au Puerto Rico. Mtafute afisa anayeandikisha wa fani za afya. Yule wa kawaida mtaani huandikisha askari, na atakupotezea miezi. Vipimo vya afya ndivyo huchelewesha zaidi. Pumu iliyoonekana baada ya kutimiza miaka 13 inahitaji msamaha maalumu, kwa hiyo kusanya kumbukumbu zako za hospitali mapema. Ahadi ya mdomo kuhusu fani au kituo haina nguvu yoyote. Kinachokufunga ni maandishi ya mkataba.

Anayetaka maisha ya jeshi hasa aangalie USU, chuo cha udaktari cha jeshi lenyewe kilichoko Bethesda, Maryland: hakuna ada, mshahara kamili wa ofisa tangu mwaka wa kwanza, utumishi miaka 7. Na aliyeko jeshini tayari kama askari anaweza kuomba EMDP2, mpango wa miezi 24 ya kumwandaa kwa masomo ya udaktari.