Paipu ya breki ya shaba na nikeli: roli linafaa, seti iliyokuja nalo haifai

Pikapu ninayoizungumzia ni Toyota Hilux ambayo kwa miaka mingi imebeba makreti ya samaki na barafu hapa Tanga, na yeyote aliyewahi kusafirisha samaki anajua maji yale ya chumvi huishia wapi: hupenya kwenye mianya ya bodi, hutiririka juu ya chasisi na kutuama pale pale paipu ya breki za nyuma inapopita. Asubuhi moja pedali ilizama karibu kugusa sakafu, na nilipoingia chini ya gari nikakuta mafuta ya breki yakidondoka kwenye kishikizo kinachoibana paipu hiyo. Sehemu iliyo wazi ilikuwa na kutu ya juujuu tu. Iliyooza ni ile iliyofichwa na kishikizo, ambako tope la chumvi halikauki.

Kwenye duka moja la spea nilinunua seti yenye roli la futi 25 la paipu ya inchi 3/16, yaani milimita 4.75, nati 16 na kifaa cha kupanulia midomo ya paipu. Muuzaji aliiita paipu ya shaba, jina ambalo lingenifanya niondoke, kwa kuwa shaba tupu huchoka kwa mtikisiko na hatimaye kupasuka. Nilipoikagua niliona kuwa rangi yake imepauka kuliko ya shaba, na karatasi ya kiwandani ilithibitisha kuwa ni mchanganyiko wa shaba na takriban asilimia 10 ya nikeli. Si jambo jipya, kwani Volvo iliutumia mchanganyiko huo kwenye breki za magari yake tangu miaka ya 1970.

Paipu yenyewe sina la kuilaumu. Ile ya chuma huhitaji kifaa cha kukunjia, na ukiilazimisha kwa mkono hubonyea. Hii niliikunja kwa vidole, na kwenye kona kali nikaizungusha kwenye soketi kubwa, nikifuata umbo la paipu kuukuu ambayo nilikuwa nimeing'oa na kuilaza sakafuni kama kielelezo.

Tatizo lilianzia kwenye nati. Hilux hutumia nati za milimita 10 zenye hatua ya uzi, yaani umbali kati ya uzi mmoja na unaofuata, ya milimita 1, lakini karibu zote zilizokuwa kwenye mfuko zilikuwa za inchi, 3/8 zenye nyuzi 24 kwa kila inchi. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi cha kumhadaa mtu, kwa sababu nati ya inchi huingia kwenye tundu la milimita kwa ulegevu, hujifanya imekaza, kisha huziharibu nyuzi za masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, ambayo ni ghali kuliko seti nzima. Anayeuza vitu hivi katika mji uliojaa magari ya Kijapani angepaswa angalau kuvitenganisha. Nililazimika kununua nati nyingine, kwani zile za zamani zilikuwa zimeliwa na kutu, na nilizifungua kwa kuikata paipu kwanza ili soketi ya pembe sita iweze kuzivaa.

Kifaa cha kupanulia midomo ndicho kilichonichosha zaidi. Mdomo wa paipu ya breki hukunjwa mara mbili, na kwa hiyo paipu inapaswa kubanwa bila kusogea hata kidogo. Banio hili liliiachia kila nilipokaza skrubu, na midomo mitatu ya kwanza ikatoka imepinda upande. Wa nne ulitoka sawa, nikagundua kwamba sikuwa nimeivisha nati kabla ya kuupanua, kosa ambalo nadhani kila fundi amewahi kulifanya na hakuna anayelikiri. Mwishowe niliazima kifaa kinachofungwa kwenye jiliwa kutoka kwa fundi wa jirani, na midomo yote miwili ikakamilika kwa dakika chache, laini na iliyonyooka.

Kutoa upepo kwenye mfumo wa breki hakukuwa na taabu. Mpwa wangu alikanyaga pedali nami nikafungua vali, tukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, na pedali ikarudi kuwa ngumu. Kabla ya kuitembeza gari nilimwambia akanyage kwa nguvu zake zote na kushikilia, huku nikipapasa kila kiungo kwa kitambaa kikavu.

Sasa ni miezi mitano ya samaki na chumvi, na paipu imefifia rangi tu. Nati za chuma ndizo zimeanza kuonyesha kutu, nami nazipaka grisi. Duka lile lile huuza paipu hii kwa mita, bila mfuko wa nati na bila banio, na ndivyo nitakavyoinunua zamu ya paipu za mbele itakapofika.