Ngome Tatu za Monmouthshire kwa miguu: kilomita 30, siku tatu, na unacholipia hasa

Nyota nne kati ya tano. Vyumba vilikuwa safi na mabegi yalifika kabla yetu kila siku. Nyota niliyokata ni ya kijitabu cha njia, na nitaeleza kwa nini, maana hapo ndipo mgeni hupoteza muda.

Nilichonunua ni kifurushi cha kutembea bila kiongozi. Kampuni inakuwekea vyumba, inahamisha mabegi kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine, na inakupa maelezo ya njia yaliyochapwa. Njia yenyewe inaitwa Three Castles Walk. Ni duara la maili 19, yaani kama kilomita 30, linalounganisha ngome za Skenfrith, Grosmont na White Castle, katika Monmouthshire, kaunti ya kusini-mashariki mwa Wales, jirani kabisa na mpaka wa England. Ukiwa na viza ya Uingereza huhitaji nyingine kuingia Wales.

Kutoka London panda treni Paddington, badilisha Newport, shuka Abergavenny. Kwenye vibao utaona pia Y Fenni, ndilo jina lake kwa Kiwelsh. Kutoka hapo hadi Skenfrith ni teksi, na teksi iagizwe siku moja kabla. Usitegemee kuikuta imepaki inasubiri abiria.

Anzia Skenfrith. Wengine huanzia White Castle kwa kuwa iko karibu zaidi na Abergavenny, lakini kwa maoni yangu hilo ni kosa. Ukianzia Skenfrith, kipande cha kwanza ni kifupi, kama kilomita 8 hadi Grosmont, na miguu inapata nafasi ya kuzoea. Siku ya pili na ya tatu ni kama kilomita 10 au 11 kila moja. Pia unakuwa umeziona mbili ndogo kabla ya kufika White Castle, na macho yako yanajua cha kutafuta.

Umbali huo usikudanganye. Kanuni ya kale ya Naismith ya kukadiria muda wa kutembea inasema kilomita 5 kwa saa, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwenye mashamba haya panga kilomita 3 kwa saa. Kinachokula muda ni nyua. Mashamba ni madogo, na kila moja lina ua wa miti hai wenye geti au kingazi cha mbao cha kuvukia. Siku moja utavuka makumi. Mbao zikilowa huteleza kama sabuni: kanyaga karibu na nguzo, si katikati ya ubao, na ukishuka geuka uso uelekee ngazi, kama unavyoshuka darini. Geti lisilofunguka lipandwe upande wa bawaba, maana upande wa komeo uzito wako unalivuta mpaka linalegea. Na geti liache kama ulivyolikuta, likiwa wazi au limefungwa.

Halafu tope. Udongo huu umetokana na mawe mekundu ya mchanga, yale yale yaliyojengea ngome, na una mfinyanzi mwingi. Mvua ikinyesha haunywi maji haraka, unanata chini ya buti hadi kila mguu unakuwa mzito. Pabaya zaidi ni kwenye mageti, ambako ng'ombe husimama na kukanyagakanyaga. Buti ziwe za kufika juu ya kifundo cha mguu na zenye meno marefu. Raba za mbio hazifai hata Julai. Beba angalau jozi tatu za soksi za sufu, na viatu vyepesi vya ndani, kwa sababu wenye nyumba watakuomba uache buti mlangoni.

Sasa kijitabu. Kilisema "pinda kushoto kwenye mwaloni mkubwa uliokufa". Mwaloni ulikwisha kuanguka na kukatwa kuni. Kwingine kilisema utaona mnara wa kanisa mbele yako, na ni dhahiri aliyeandika alipita majira ya baridi, miti ikiwa haina majani. Kiangazi huoni chochote ila ukuta wa kijani. Maelezo ya namna hii huchakaa, kwa hiyo nunua mwenyewe ramani ya Ordnance Survey, wakala wa taifa wa ramani, ya skeli 1:25,000, ambapo sentimita 4 ni kilomita moja. Njia za umma zimechorwa kwa vistari vya kijani, na mipaka ya kila shamba imo. Mashamba ukiyahesabu huwezi kupotea. Ramani ya simuni ipakue kabla, kwa sababu kwenye bonde la mto Monnow mtandao unakatikakatika.

Alama za njiani: mshale wa manjano ni njia ya waenda kwa miguu, wa bluu unaruhusu pia farasi na baiskeli. Kuna mtego mmoja pale White Castle. Njia yetu inakutana na Offa's Dyke Path, njia ndefu ya maili 177 ambayo alama yake ni tunda la mwaloni. Vibao vyake ni vizuri na vipya kuliko vyetu, na mtu aliyechoka huvifuata bila kufikiri, akajikuta anaelekea Pandy au Monmouth. Ukitoka ngomeni simama, soma jina lililo kwenye kibao, linganisha na ramani.

Ngome zenyewe. Zote tatu zilijengwa na Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa, kulinda njia ya kuingia Wales kutoka Hereford, mji wa upande wa England, na mwaka 1201 Mfalme John wa England alimkabidhi ofisa wake Hubert de Burgh zote kwa pamoja. Leo zinasimamiwa na Cadw, idara ya serikali ya Wales ya mambo ya kale. Skenfrith na Grosmont hazina kiingilio.

Skenfrith iko bondeni kando ya mto, ukuta wa pembe nne na mnara wa mviringo katikati. Uwanja wake wa ndani ulijazwa kokoto kwa makusudi ili uinuke, kwa kuwa mto ulikuwa unaingia. Nusu saa inatosha. Kanisa la Mtakatifu Bridget lililo jirani, lenye mnara uliovikwa kilele cha mbao, linastahili dakika kumi. Grosmont iko juu kilimani, na jina lenyewe ni la Kifaransa, mlima mkubwa. Tafuta bomba la moshi la pembe nane, la karne ya 14, refu na jembamba, bado limesimama baada ya kuta zilizolizunguka kuporomoka. Hapo chini ya kijiji, Machi 1405, jeshi la Owain Glyndŵr, kiongozi wa Wawelsh walioasi utawala wa England, lilishindwa vibaya.

Kutoka Grosmont njia inapandisha ubavu wa Graig Syfyrddin, kilima cha mita 423. Hicho ndicho kipande kizito cha safari. Kwenye magugu marefu vaa suruali ndefu, ipenyeze ndani ya soksi, na jioni jikague kupe nyuma ya magoti na kiunoni, kwani wanaweza kuleta ugonjwa wa Lyme, unaotokana na bakteria. Kupe umvute kwa kibanio, taratibu, moja kwa moja, bila kumminya tumbo.

White Castle ipe saa mbili kamili. Handaki lake, yaani mtaro mpana unaoizunguka, bado limejaa maji, nawe unaingia kwa daraja kati ya minara miwili ya lango. Jina limetokana na chokaa nyeupe iliyopakwa kuta, na mabaki yake yapo bado; yatafute palipokingwa na mvua. Kisha tazama matundu ya mishale. Kwa kawaida tundu la msalaba lina mikono miwili iliyo sawa. Hapa mkono mmoja uko juu na mwingine chini, kana kwamba mwashi alikosea. Hakukosea. Ardhi ya nje inateremka, na kwa mpangilio huo mpiga upinde aliweza kuwaona walio mtelemkoni. Aliyewahi kutembea Fort Jesus ataona tofauti upesi: kule Wareno walijenga kwa ajili ya mizinga, kuanzia 1593, kuta nene zenye pembe kali; hapa ni karne ya 13, adui ana mshale na ngazi, kwa hiyo minara ni mirefu na ya mviringo. Watoto washikwe mikono kando ya handaki na kwenye ngazi za mzunguko.

Chakula kinahitaji mpango. Kati ya ngome na ngome usitegemee duka, na baa nyingi za vijijini hufunga jiko Jumatatu au Jumanne. Agiza mkate wa mchana kwa mwenye nyumba jioni kabla, beba lita moja na nusu ya maji. Asiyekula nguruwe aseme wakati wa kuweka nafasi, si asubuhi mezani, maana kifungua kinywa cha huko ni soseji na bekoni.

Ng'ombe wenye ndama wapishe mbali, usipite kati ya mama na mtoto. Wakikujia, usikimbie, tembea ukielekea ua.

Mei hadi Septemba ndiyo miezi yake. Juni mwanga upo hadi baada ya saa tatu usiku. Desemba giza linaingia saa kumi jioni, na hapo kilomita 10 za mashamba zinakuwa nyingi mno.