Kitulo kwenye mvua: dereva aliyenipandishia kioo

Ndugu zangu mnaopenda ndege, nimetoka Kitulo, ile hifadhi ya taifa ya nyasi na maua huku nyanda za juu kusini, juzi juzi na hasira bado haijaniisha. Silalamikii mvua. Anayepanda kule kifuku anajua atalowa, na ndio wakati wenyewe: maua yamefunguka, mbayuwayu wa buluu wamekuja kuzaliana. Nawalalamikia watembeza wageni walionichukua Uyole, Mbeya, mchana ule, hasa dereva wao.

Tuliacha lami pale Isyonje tukapanda na tope mpaka juu, manyunyu na ukungu mtupu. Mara tandawala akatoka kwenye majani, karibu kabisa na barabara. Ndege mkubwa, kisogo rangi ya kutu, anatembea taratibu kama mzee anayekagua shamba lake. Kioo kimejaa mvuke, naona kivuli tu. Nikakishusha.

"Dada, funga kioo, siti zinalowa."

Nikamwambia, kaka yangu, dakika moja tu, nitazipangusa mwenyewe. Hakunijibu. Alikipandisha kwa swichi ya kwake, kikaja kugonga darubini yangu, halafu akapiga honi, eti ndege asogee tumwone vizuri! Tandawala akaruka, akapotelea kwenye ukungu. Nimemtamani ndege yule miaka na miaka, nikaachiwa kioo chenye mvuke. Kuanzia hapo chai yao ikawa ya baridi, redio yao kelele, na bei yao wizi.

Haki ya mtu isemwe lakini. Nyuma alikaa kijana msaidizi, kimya muda wote. Tuliposimama akaniuliza, "Dada, unaweza kutembea kidogo?" Kitulo unatembea kwa miguu, ndiyo raha yake. Alivua koti lake la mvua akafunika darubini yangu, yeye akalowa. Tukafika mahali akanizuia, shimo la muhanga, yule mnyama mchimba mashimo, likiwa bado mbali mbele yetu. Akaninong'oneza kwamba mbayuwayu wa buluu wanabandika kiota cha tope humo ndani, tukisogea hawataingia. Tukasubiri, maji yananishuka shingoni. Kisha akaja, buluu iliyokolea mpaka inakaribia weusi, nyuzi mbili ndefu za mkia, anaruka usawa wa majani. Akazunguka, akaingia shimoni. Ndege huyu anazidi kupungua kwa sababu nyasi za milimani anakozaliana zinalimwa na kupandwa miti, na mimi nilimwona akiingia kwa watoto wake! Nililia, na sioni haya kusema.

Kwa dakika zile nilishawapa nyota nne. Tukarudi garini, nikakuta dereva ametandika nailoni kwenye siti yangu, nisije nikailowesha. Kumbe nailoni alikuwa nayo! Angeitandika mapema, tandawala ningemwona.

Basi nyota moja, na hiyo ni ya kijana. Hapana, kijana anastahili tano, ila yeye hauzwi peke yake, ukimtaka unapewa na dereva.

Niliomba nirudishiwe nusu ya hela, wakanijibu kwamba mvua ni ya Mungu. Nimewaandikia tena kuwaeleza habari ya kioo na honi, bado kimya. Kifuku hakijaisha, na tandawala bado yuko kule. Anayemjua dereva wa Uyole au Isyonje mwenye gari la juu, asiyejali siti kulowa, aniandikie.