Mashine ya TENS ya mfukoni kwa mwenye CRPS jijini Nairobi

CRPS ni maumivu yanayobaki mkononi au mguuni muda mrefu baada ya jeraha lenyewe kupona. Mfupa wa kifundo umeunga, picha ya eksirei ni safi, lakini kitambaa cha shati kikigusa ngozi huunguza kama kaa la moto. Makanga hana namna ya kujua. Atamshika abiria mkono huohuo akidhani anamsaidia kupanda matatu.

Kifaa ambacho wengi wa wagonjwa hawa huuziwa ni mashine ya TENS, inayopitisha umeme mdogo kwenye ngozi ili kutuliza maumivu. Tunayoipima hapa ni ile ya kawaida ya chaneli mbili: kisanduku kinachoenea mfukoni, nyaya mbili zenye ncha nne, na padi nne za kunata za sentimita 5 kwa 5. Tunasema inunuliwe, ila na mtu aliyeelezwa wazi kwamba haiponyi CRPS. Hutuliza maumivu ikiwa imewashwa, na ukiizima nafuu hupungua upesi. Mapitio ya mwaka 2019 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, hayakupata ushahidi wa kutosha kusema kwa uhakika kama TENS inasaidia maumivu sugu. Lakini anayepata nafuu kwa nusu saa ana nusu saa ya kukunja na kukunjua vidole, na mazoezi hayo ndiyo yanayorudisha kazi ya mkono. Iwashwe kabla ya mazoezi na wakati wa mazoezi. Kuivaa huku mkono umelazwa kwenye mto ni kuipoteza.

Kosa kubwa kuliko yote ni kubandika padi pale panapouma. Ngozi isiyostahimili kuguswa haitastahimili umeme. Padi zikae nje ya eneo hilo, upande wa kuelekea bega, kwenye ngozi inayohisi kawaida. Kwa maumivu ya kiganja, bandika padi mbili karibu na kiwiko, zikiachana angalau upana wa padi moja. Usibandike penye ganzi, kwa sababu hutahisi nguvu ikizidi na ngozi inaweza kuungua.

Anza na hezi 80 hadi 100, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, na upana wa pigo (muda wa kila pigo) maikrosekunde 100 hivi. Ongeza nguvu polepole hadi mtekenyo uwe imara bila kuuma na bila misuli kurukaruka. Mtekenyo unaosikika kwa shida haufanyi kazi, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Ukitumia mpangilio uleule kila siku, mwili huuzoea, kwa hiyo chagua mashine yenye hali ya kubadilisha masafa (hizo hezi) yenyewe.

Gharama halisi iko kwenye padi. Zikitunzwa, hudumu takriban matumizi 20 hadi 30. Yanayoziua ni mafuta ya kujipaka: ngozi iliyopakwa Vaselini asubuhi haishiki padi, na padi iliyoshika nusu hukusanya umeme mahali padogo na kuchoma kama sindano. Osha ngozi kwa maji na sabuni, ikauke kabisa. Padi ikilegea, tone moja la maji huirudishia unato kwa muda. Irudishe kwenye plastiki yake kila mara, maana vumbi haliondoki.

Kwa mashine za betri ya volti 9, nunua betri za alkalini. Zile za bei ya chini huisha nguvu polepole bila wewe kutambua, ukawa unapandisha kitufe kila siku. Siku ukiweka betri mpya bila kukirudisha sifuri, mshtuko wake ni mkali, na kwa mwenye CRPS unaweza kuamsha maumivu ya siku nzima.

Jihadhari na mashine zinazouzwa zikiwa TENS na EMS kwa pamoja. EMS hukaza misuli, jambo ambalo mkono wa CRPS hauhitaji bila mwongozo wa mtaalamu wa fiziotherapia. Muuzaji akishindwa kukuonyesha unavyobadilisha kutoka EMS hadi TENS, nenda duka jingine.

Mwenye pesimeka, kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, asiitumie kabisa, na mwenye kifafa au mjamzito amuulize daktari kwanza. Kamwe usibandike mbele ya shingo. Usiivae ukiendesha gari au bodaboda.

Kwenye milango ya maduka makubwa, nyaya zinazochungulia chini ya koti zitamfanya askari akusimamishe, na kupapaswa mkono unaouma ni mateso. Zima, chomoa nyaya, uweke kila kitu kwenye mfuko unaoonyesha ndani kabla ya kufika, na umwambie mapema: "Tafadhali, mkono huu usiuguse."

Kabla ya kulipa, uliza bei ya padi kwanza, kisha ya mashine. Angalia pia ncha za waya: kuna za pini ya milimita 2 na kuna za kifungo, na padi za aina moja haziingiani na nyingine. Jaribu chaneli zote mbili kwenye mkono usiouma ukiwa bado dukani, na uondoke na risiti.