Baruti ya kujazia risasi nzito za rivolva ya magnum: ipi ununue kwanza

Mtu anayejaza risasi zake mwenyewe huko Marekani, akishaacha vichwa vya kawaida (kichwa ni kile kipande cha risasi kinachoruka) na kuingia kwenye vichwa vizito, swali lake la kwanza dukani huwa kasi. Ipi inakimbiza zaidi? Mimi ningeuliza kwanza ipi itanivumilia nikikosea kidogo. Orodha hii nimeipanga kwa swali hilo, ndiyo maana ya kwanza siyo yenye kasi kuliko zote.

Nazungumzia kichwa cha greni 300 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kwenye risasi ya rivolva ya .44 Magnum, au greni 180 hadi 200 kwenye ya .357. Ni risasi ya mwinda nguruwe pori, au ya mtu anayekwenda kuvua samoni Alaska mahali ambapo dubu naye anavua. Kichwa kizito hakiondoki haraka. Ukikisukuma kwa baruti ya kuungua upesi kama Bullseye, presha inafika kileleni kichwa kikiwa hakijasogea mbali, kama nyasi kavu zinavyolipuka na kuisha. Baruti ya polepole ni gogo: inashika taratibu, kisha inaendelea kusukuma wakati kichwa kinapita mtutuni. Tena inajaza ganda karibu lote, kwa hiyo ukimimina mara mbili kwa bahati mbaya itafurika na utaiona. Bullseye ukiimimina mara mbili, ganda linaimeza kimya kimya.

Vipimo sitoi. Chukua kitabu cha sasa cha mtengenezaji wa baruti au wa kichwa unachotumia, anza chini, panda kidogo kidogo. Na kipimo cha kichwa cha greni 240 usikihamishie kwenye cha 300: kile kirefu kinazama zaidi ndani ya ganda na kula nafasi ya baruti.

Ningeanza na Alliant 2400. Ni baruti ya miaka ya 1930, enzi ilipotengenezwa na kampuni ya Hercules, na jina lake linatokana na kasi ya futi 2,400 kwa sekunde iliyolengwa kwa risasi ndogo ya .22 Hornet. Elmer Keith, mfugaji na mwandishi wa Idaho aliyepigania kuzaliwa kwa .44 Magnum katikati ya miaka ya 1950, aliitumia na vichwa vyake vizito vya madini ya risasi yaliyoyeyushwa, na wazee wengi hawajaihama tangu hapo. Sifa yake kubwa ni kwamba unaweza kushuka chini ya kiwango cha juu na bado ikaungua vizuri, kwa hiyo kopo moja linatengeneza risasi kali ya porini na ya wastani ya kufanyia mazoezi. Wengi huiwasha kwa fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) za kawaida bila shida. Ubaya wake ni uchafu: huacha punje ambazo hazijaungua, na punje moja ikijificha chini ya nyota ya kutolea maganda, silinda inagoma kuzunguka. Inua mtutu juu unapotoa maganda, zidondoke zenyewe. Ubaya wa pili ni upatikanaji. Miaka hii kuiona kwenye rafu ni bahati, na ukiiona usiseme utarudi kesho.

Ya pili ni H110, ambayo pia inauzwa kwa jina la Winchester 296. Ni kitu kimoja kwenye makopo mawili, na Hodgdon, anayeuza zote mbili, halifichi hilo. Nunua yenye bei nafuu siku hiyo. Kwa kasi tupu na kichwa kizito, hii ndiyo mfalme, na chembe zake za mviringo hupita kwenye kipimio kama mtama. Lakini haina subira. Ushauri wa siku nyingi ni kutopunguza zaidi ya asilimia 3 chini ya kipimo kilichochapishwa. Ukiipunguza sana inaweza kushindwa kushika moto sawasawa, kichwa kikakwama katikati ya mtutu, na atakayefyatua risasi ya pili bila kukagua atapasua bastola mkononi. Inataka fataki za magnum na mdomo wa ganda uliobanwa barabara. Kubana huko kuna kazi nyingine pia: teke la rivolva nyepesi huvuta vichwa vya risasi zilizobaki mbele hadi vikazuia silinda isizunguke. Mimi yalinipata uwanjani, na nilitumia nusu saa nzima kuishawishi silinda ifunguke. Anayepiga kwa nguvu zote tu, bila haja ya risasi laini, anaweza kuiweka H110 ya kwanza na sitabishana naye.

Accurate No. 9 inakaa katikati ya hizo mbili. Inapita kwenye kipimio vizuri kama H110, kasi yake inaikaribia, na haina ukali ule ukishuka kidogo. Kama 2400 haipo dukani, chukua hii na usijute.

IMR 4227 ni mpole kuliko zote hapa. Ni vijiti vifupi, vinavyoweza kukwama kwenye kipimio kidogo, na kasi yake iko nyuma. Kwa .357 yenye mtutu mfupi utaona punje nyingi mbichi mezani. Kwa .44 na .45 Colt yenye mtutu mrefu ni baruti ya raha. N110 ya Vihtavuori kutoka Finland ni safi sana, ila bei yake inahitaji moyo.

Lil'Gun nimeiweka chini makusudi. Ilibuniwa kwa bunduki ya marisau ya .410, na namba zake kwenye kitabu zinavutia: kasi kubwa, presha ndogo. Lakini wapigaji wengi wamelalamika kwamba inachemsha mtutu na kula sehemu ya mwanzo wake. Kwa bastola ninayotaka kumwachia mwanangu, sithubutu. Na Blue Dot iache kabisa kwa .41 Magnum; Alliant wenyewe walitoa onyo hilo mwaka 2008.

Kuhusu pesa: ratili moja ni greni 7,000, kwa hiyo gawanya kwa kipimo chako ujue risasi ngapi zinatoka kwenye kopo. Ukiagiza mtandaoni kuna ada ya mzigo wa hatari, ambayo kwa kopo moja inaua unafuu wote. Agizeni watu watatu pamoja, au nunua duka la mjini. Na usinunue dumu la ratili 8 kabla bastola yako haijaionja ratili moja.

Neno kwa ndugu zetu waliohamia huko. Kujaza risasi za matumizi yako hakuhitaji leseni ya serikali kuu, kuziuza kunahitaji. Lakini mwenye viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, sheria ya serikali kuu inamkataza kumiliki bunduki na hata risasi, isipokuwa awe na kibali kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hahusiki na katazo hilo. Angalia hali yako kwanza, ndipo uangalie rafu.