Helmeti ya mjengo: huzuia nyundo, haizuii karai la konkriti

Kwenye hadiwea za Kisumu, helmeti za mjengo zinazoning'inia mlangoni huwa za aina mbili. Moja ni ganda jepesi lenye mikanda ya plastiki iliyopachikwa kwenye pembe nne, bila maandishi yoyote ya maana. Nyingine ina mikanda ya kitambaa iliyoshikwa sehemu sita, kitufe cha kuzungusha cha kukazia kisogoni, na ndani ya ganda pamechapwa EN 397. Hii ya pili ni ghali zaidi, na fundi mwenye haraka huichukua ile ya kwanza, maana zote ni za manjano na zote zinatosha kichwani. Chukua ya pili. Kisha ujue inapoishia.

EN 397 ni kiwango cha Ulaya. Helmeti huvishwa kichwa cha bandia, halafu chuma cha kilo 5 chenye uso wa mviringo huangushwa juu yake kutoka mita 1. Nguvu inayokifikia kichwa haitakiwi kuzidi kilonyutoni 5. Zidisha kilo 5 kwa mita 1, kisha kwa 9.8 ya mvutano wa dunia: unapata jouli 49, yaani nishati ya pigo. Namba hiyo ndiyo ya kukariri, kwa sababu kila kinachoning'inia juu ya mjengo kinaweza kupimwa nayo.

Nyundo ya kilo 1 ikiponyoka mita 5 juu, ni jouli 49. Spana ya nusu kilo hufika hapo kutoka mita 10. Tofali la kuchoma la kilo 2.5 halihitaji ghorofa: mita 2 tu juu ya kichwa zinatosha. Sasa chukua karai la konkriti la kilo 20 lililoteleza kutoka slebu ya kwanza, mita 3. Hizo ni jouli 588, mara kumi na mbili ya kipimo. Hakuna helmeti ya hadiwea iliyotengenezewa mzigo huo. Dawa yake ni kufunga eneo la chini ya winchi kwa utepe na kuweka ubao wa ukingo kwenye jukwaa, ili kitu kisianguke kabisa.

Wengi hukosea kwenye kimo kwa sababu wanafikiria kasi. Kitu kilichoanguka mita 5 hugonga kwa takriban kilomita 36 kwa saa. Cha mita 10, kama kilomita 50. Kasi haikuongezeka maradufu, kwa hiyo mtu hudhani hatari nayo imepanda kidogo tu. Lakini nishati hufuata kasi ikizidishwa kwa kasi yenyewe, na hapo imekuwa maradufu kamili. Ukiongeza kimo mara mbili ni sawasawa na kuongeza uzito mara mbili.

Ganda peke yake halikuokoi. Kazi kubwa hufanywa na ile nafasi tupu kati ya mikanda na ganda, ambayo kiwango kinataka isipungue milimita 25. Pigo la jouli 49 likisimamishwa ndani ya milimita 10, nguvu ya wastani ni kama kilonyutoni 4.9. Likipewa milimita 20 za kunywea, inashuka hadi nusu. Ndiyo maana kofia nene ya sufu, simu au karatasi ya mfuko wa simiti iliyokunjwa ikiwekwa humo ndani ni hatari kweli: imekula nafasi, na pigo linapita moja kwa moja hadi kwenye fuvu na shingo. Asubuhi za baridi za Nakuru hufanya jambo hili liwe la kawaida mno. Kitambaa chembamba kinachobana kichwa hakina shida.

Hapa ndipo helmeti ya bei ya chini huanguka mtihani ukiwa bado dukani. Shika kila ndoano ya mkanda uivute kwa kidole gumba. Ikichomoka kwa mkono, pigo nalo litaichomoa, na ganda litakaa juu ya kichwa kama sufuria.

Vitu vyenye ncha vina hesabu yao. Kiwango hutumia chuma chenye ncha cha kilo 3 kutoka mita 1, yaani jouli 29, na ncha haitakiwi kugusa kichwa cha bandia. Timazi, kile chuma chenye ncha cha kupimia ukuta ulionyooka wima, la gramu 400 hupata nishati hiyohiyo kutoka mita 7 na nusu. Lifungwe kamba kila linapotumika.

Kamba ya kidevu ya EN 397 imeundwa iachie ikivutwa kwa nguvu ya kati ya nyutoni 150 na 250, ili helmeti ikinasa mahali isikunyonge. Usiibadilishe kwa kamba ya manila. Na wahudumu wa boda wanaovaa helmeti hizi wajue hazikupimwa kwa ajali ya barabarani.

Adui mkubwa wa ganda ni jua. Tafuta muhuri wa mwaka na robo ya mwaka uliochapwa ndani. Kisha tazama rangi: ikififia na kuacha unga mweupe kidoleni, plastiki imeanza kuwa kavu. Bonyeza pande zote mbili kwa viganja. Ikilia au ikionyesha nyufa ndogo, muda wake umekwisha. Rangi ya mafuta na tina hulidhoofisha ganda bila kuonyesha alama, hivyo usiipake, na hata stika ya jina ibandikwe tu kama mtengenezaji ameruhusu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtwika mwajiri jukumu la kutoa vifaa vya kujikinga, kwa hiyo kibarua asikatwe mshahara kwa ajili ya helmeti.

Ikishapigwa mara moja kwa nguvu, ibadilishwe hata kama inaonekana nzima. Ikateni kwa msumeno kabla ya kuitupa, maana ikiachwa jalalani, kesho itakuwa kichwani mwa mtu mwingine.